Mlimau wa Chungu Katika Nchi ya Theluji

Mlimau wa chungu ukifa mikononi mwa mtu anayeishi Hamburg, Leeds au Minneapolis, kwa kawaida haufii nje kwenye theluji. Hufia sebuleni, kati ya Desemba na Machi, ukiwa umesogezwa karibu na hita na unamwagiliwa kila siku kwa huruma. Majani huanza kudondoka yangali mabichi, moja leo, matatu kesho. Mwenye mti huongeza maji. Majani huzidi kudondoka. Ikifika Aprili yamebaki matawi makavu na miiba yake.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyekulia penye mdimu uani, ambaye sasa hununua ndimu dukani moja moja kwa bei ya kuumiza, na anatamani mti wake mwenyewe. Jambo hilo linawezekana. Linawezekana hata katika nyumba ya ghorofa isiyo na bustani, mradi ufanye uamuzi mmoja kabla hujanunua mti: utaupitisha majira ya baridi kwa njia ipi. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni mahali pa ubaridi na penye mwanga, ambapo mti unapumzika. Ya pili ni mahali pa joto na penye mwanga mwingi sana, ambapo mti unaendelea kukua. Penye joto jingi na mwanga haba ndipo miti mingi inapoangamia, na sebule nyingi za kaskazini ndivyo zilivyo kuanzia Novemba.

Mti gani ununue

Chagua mti wa tunda chachu. Chungwa tamu linahitaji miezi mingi ya joto ili lijae sukari, na dirisha la Oslo halina joto hilo la kutoa. Ukilazimisha utapata chungwa, lakini litakuwa chapwa. Limau na ndimu hazina deni hilo la sukari, kwa sababu uchachu wenyewe ndio tunaoutaka.

Kama huu ni mti wako wa kwanza, nakushauri limau la Meyer bila kusita. Frank Meyer alikuwa mtafutaji wa mimea aliyefanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, na mwaka 1908 aliupeleka mti huu Marekani kutoka Uchina, ambako watu walikuwa wakiupanda kwenye vyungu kama pambo la nyumba. Kwa hiyo maisha ya chungu si mageni kwake. Baadaye iligundulika kwamba miti mingi ya Meyer ilibeba virusi vya tristeza bila kuonyesha dalili, ikawa inaambukiza mashamba ya jirani. Aina safi isiyo na virusi hivyo ikatolewa mwaka 1975, na ndiyo unayopaswa kuiulizia leo kwenye kitalu. Tunda lake lina ganda laini na ukali wa kadiri, na mti unaweza kutoa maua zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Kalamondini ni chaguo zuri pia kwa mwenye nyumba ya giza kidogo. Huzaa vitunda vidogo vya rangi ya chungwa, ukiviona unaweza kudhani ni kangaja, lakini ukivikamua ni vikali kama ndimu. Wafilipino huvitumia kwenye samaki na nyama choma. Kumkwati nayo huvumilia baridi kuliko milimau, na tunda lake huliwa pamoja na ganda.

Ndimu yenyewe, ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba tunayoitia kwenye kachumbari na achari, ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya baridi. Haitaki hata kukaribia nyuzi sifuri. Ukiitaka, basi umeshachagua njia ya joto, na bajeti yako lazima iwe na taa.

Nunua mche uliobebeshwa. Mbegu ya limau huota kirahisi kwenye kikombe cha mtindi, na watoto hufurahi kuiona, lakini mche wa mbegu unaweza kukaa miaka kumi bila kutoa ua, tena ukiwa na miiba mirefu. Mche uliobebeshwa huzaa mapema, wakati mwingine ukiwa na kimo cha nusu mita. Chini kidogo kwenye shina utaona kovu pale tawi lilipounganishwa na mti wa mizizi. Mara nyingi mti huo wa mizizi ni Poncirus, ndugu wa michungwa anayestahimili baridi kali. Chochote kinachochipua chini ya kovu king'oe mara moja. Utakitambua kwa sababu majani yake hukaa matatu matatu. Ukikiacha kitanyonya nguvu yote na mlimau wako utadumaa juu yake.

Jambo la sheria, na hapa naomba unisikilize vizuri: usifiche kikonyo cha mdimu wa nyumbani kwenye begi. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuingiza miche na vikonyo vya jamii hii kutoka nje ya Umoja, na Marekani ina masharti makali hata kati ya jimbo na jimbo. Sababu ni ya kweli. Kuna ugonjwa wa bakteria uliogunduliwa Florida mwaka 2005, na tangu hapo mavuno ya machungwa ya jimbo hilo yameporomoka vibaya. Aina yake ya Kiafrika ipo kwenye maeneo ya baridi ya Afrika Mashariki, ikienezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani machanga, na tawi linaweza kuonekana zima huku limebeba ugonjwa. Nunua mti katika nchi unayoishi.

Chungu na udongo

Usinunue chungu kikubwa kwa kutazamia mti utakavyokuwa. Mche wenye fundo la mizizi la sentimita 20 uingie kwenye chungu cha sentimita 25, basi. Udongo ambao mizizi haijaufikia hubaki na maji, unachacha, na mizizi inaoza kabla haijafika huko. Panda saizi moja kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwezi Machi mti unapoanza kuamka, mpaka ufikie chungu ambacho bado unaweza kukiinua au kukisukuma. Hapo simama. Kuanzia siku hiyo, kila miaka michache utoe mti, upunguze mizizi ya pembeni kwa sentimita mbili tatu, na uurudishe kwenye chungu kile kile na udongo mpya.

Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na huanguka kwa shida upepo ukivuma. Cha plastiki ni chepesi kubeba. Vyote vinafaa vikiwa na mashimo chini. Ile desturi ya kujaza kokoto chini ya chungu iache. Maji hayashuki vizuri zaidi kwa sababu ya kokoto, unapunguza tu nafasi ya mizizi.

Udongo wa bustani usiutie kwenye chungu, hata uwe mweusi na wenye rutuba namna gani, kwa kuwa hushikamana na kuziba hewa. Chukua sehemu mbili za udongo wa mfuko unaouzwa kwa ajili ya vyungu, sehemu moja ya vipande vidogo vya gome la msonobari, na sehemu moja ya perlaiti au changarawe nyepesi. Ukimwagilia, maji yaanze kutoka chini ndani ya dakika moja. Kovu la kubebesha libaki juu ya udongo siku zote.

Majira ya baridi

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ukifaulu miezi hii minne mengine yote ni mepesi.

Mizizi ya jamii ya machungwa karibu iache kazi udongo ukishuka chini ya nyuzi 12 au 13. Majani, kwa upande mwingine, yakikaa nyuma ya kioo na jua la Januari likayapiga, hupata joto haraka na kuanza kutoa maji hewani. Majani yanaomba maji, mizizi haiwezi kuyaleta. Mti hujinusuru kwa kudondosha majani. Ndiyo maana mlimau uliowekwa kwenye sakafu ya vigae mbele ya dirisha kubwa hupukutika hata udongo ukiwa umelowa, na ndiyo maana kuongeza maji hakusaidii chochote, kunaozesha tu mizizi iliyolala. Chomeka kipimajoto cha jikoni kwenye udongo, asubuhi na mchana. Namba utakayoisoma pale ina maana kubwa kuliko joto la chumba.

Njia ya kwanza, ya ubaridi, ni ya zamani sana. Huko Versailles, nje ya Paris, Jules Hardouin-Mansart alimjengea mfalme Louis XIV nyumba ya michungwa kati ya 1684 na 1686: kuta nene, madirisha marefu yanayotazama kusini, na miti ikiwa kwenye masanduku ya mbao ili iweze kusogezwa. Mpaka leo miti hutolewa nje mwezi Mei na kurudishwa ndani Oktoba. Kinachotakiwa ni chumba kisichoganda na kinachopata mwanga, joto likiwa kati ya nyuzi 5 na 12. Wewe huna jumba la mfalme, lakini pengine una veranda ya vioo, au ngazi ya jengo lenu yenye dirisha kubwa, au chumba cha kulala ambacho hita yake unaizima. Gereji yenye dirisha inafaa pia. Gereji ya giza haifai. Mti wa Meyer, kumkwati na michenza mingi hupenda njia hii. Hapo mti haukui, haudai mbolea, na maji unayapata labda mara moja kwa wiki mbili au tatu. Ni njia ya gharama ndogo, na kama una mahali kama hapo mimi ningeichagua.

Njia ya pili, ya joto, ndiyo inayowafaa watu wengi wa ghorofani. Nayo ina historia yake. Katika mji wa Pavlovo, kando ya mto Oka nchini Urusi, watu wamekuwa wakilea milimau madirishani tangu karne ya 19, wakipeana vikonyo jirani kwa jirani, mpaka aina yao ikapewa jina la mji. Kama limau lilizaa ndani ya nyumba za mafundi wa chuma wa Urusi, halitashindwa kwako, mradi ulipe deni la mwanga.

Anza na dirisha. Tuliokulia karibu na ikweta hatukuzoea kuhesabu dirisha linatazama wapi, maana jua la kwetu hupita utosini. Kaskazini ni tofauti: majira yote ya baridi jua hukaa upande wa kusini, chini, na dirisha la kaskazini halilioni kabisa. Kwa hiyo dirisha la kusini ndilo la kwanza. La magharibi au mashariki linaweza kusaidia, lakini lisiachwe peke yake. Safisha kioo, na pazia jepesi uliondoe, kwa sababu hata lile linaloonekana halizibi kitu hupunguza mwanga ambao mti unauhitaji.

Kisha taa. Desemba mchana wa Oslo ni wa saa sita hivi, wa Minneapolis haufiki saa tisa, na mawingu yanakula nusu yake. Dirisha pekee halitatosha kwa mti ulio kwenye nyuzi 20. Nunua taa nyeupe ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, ining'inie sentimita 30 hadi 50 juu ya kilele, na uiunganishe na saa ya kuwasha na kuzima yenyewe. Iwake saa 12 hadi 14 kwa siku, kisha giza. Ukiipa saa 12 umeuletea mti wako mchana wa Mombasa, na huo unautosha mdimu. Taa za rangi ya zambarau hufanya kazi, ila zinaifanya sebule isikalike na zinakuficha dalili za ugonjwa kwenye majani. Nyeupe ni bora.

Inua chungu kutoka sakafuni. Kibao cha mbao, kigoda, au kipande cha povu gumu kinatosha kuikinga mizizi na vigae baridi. Usikiweke juu ya hita inayochoma wala mbele ya mlango unaofunguliwa kila mara upepo ukaingia. Hewa ya nyumba yenye hita huwa kavu sana, na mti huu hujisikia vizuri unyevu ukiwa asilimia 40 hadi 50. Watu husifia sahani ya kokoto na maji chini ya chungu. Msaada wake ni mdogo. Kuweka mimea pamoja, au kifaa cha kutia unyevu hewani, kunasaidia zaidi. Na kuuogesha mti bafuni mara moja kwa wiki mbili, kwa maji ya uvuguvugu, juu na chini ya majani, kunasaidia kuliko yote, kwa sababu huosha vumbi na wadudu kwa pamoja. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki wakati wa kuuogesha, usije ukalowa kupita kiasi.

Sasa, kama umechelewa na mti umeshapukutika wote, usikate tamaa wala usiukimbilie na mbolea. Kwangua gome la tawi kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, mti uko hai. Ondoa matunda yote uliyobaki nayo, usogeze penye mwanga, upashe chungu joto, na upunguze maji sana, kwa kuwa mti usio na majani hunywa kidogo mno. Matawi yaliyokauka yakate mpaka ufike penye kijani. Kisha ngoja. Machipukizi yanaweza kuchelewa hadi Mei au Juni, na nimeona miti ambayo wenyewe walishaipeleka kwenye jaa ikiota majani ya kijani kibichi baada ya majirani kuiokota.

Maji

Tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, subiri robo saa, kisha umwage yaliyobaki kwenye sahani. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku ni kubaya, kwa sababu juu hulowa na chini hukauka, na chumvi hujikusanya. Baada ya wiki kadhaa utajua hata kwa kuinua chungu: chungu kikavu ni chepesi ajabu.

Majani yaliyojikunja kwa urefu na udongo mkavu ni kiu. Majani yaliyolegea na kufifia, udongo umelowa na una harufu, ni mizizi inayooza. Macho huona mnyauko tu, kidole ndicho kinachotofautisha.

Aina ya maji ina uzito wake. Maji ya bomba ya London na ya miji mingi ya kusini mwa Uingereza na Ujerumani yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo, mwaga leo mwaga kesho, huondoa uchachu kidogo ambao mizizi inauhitaji, na mti hushindwa kunyonya madini ya chuma hata yakiwamo. Kinga maji ya mvua. Majira ya theluji, jaza ndoo theluji safi, iache iyeyuke ndani ya nyumba mpaka ifikie joto la chumba, na hapo unayo maji mazuri kabisa ya bure. Maji yaliyolainishwa kwa mashine ya chumvi usiyatumie kamwe.

Mbolea, na majani ya njano

Mti wa chungu hauna pa kutafuta chakula zaidi ya mkono wako, na jamii hii ina njaa kubwa ya naitrojeni. Tafuta mbolea ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya michungwa au malimau, yenye chuma, zinki na manganizi ndani yake. Anza Machi, nusu ya kipimo kila wiki, endelea hadi Septemba. Walio kwenye njia ya joto na taa wanaweza kuendelea majira ya baridi kwa kipimo kidogo sana. Walio kwenye ubaridi waache kabisa. Samadi ya kuku, ambayo shambani ni dhahabu, kwenye chungu cha ndani huunguza mizizi na kuleta inzi.

Jani la njano lisome kabla ya kulitibu. Majani ya zamani yakigeuka njano yote kwa pamoja, mara nyingi ni naitrojeni imepungua. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, ni chuma, na chanzo mara nyingi ni maji ya chokaa au mizizi yenye baridi, hivyo rekebisha hayo kwanza, kisha utie chuma cha kelati. Jani la zamani likiwa njano pembeni na kubaki na pembe ya kijani karibu na kikonyo chake, ni magnesi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom katika lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi, kitatosha. Na jani moja moja la zamani kuanguka ndani ya mwaka ni umri tu.

Wadudu

Huko nje kuna wadudu wawindaji, mvua na upepo vinavyowadhibiti. Ndani ya nyumba hakuna anayekusaidia. Ukigusa jani ukakuta linanata, au ukaona ukungu mweusi kama masizi, geuza jani uangalie chini na kando ya mshipa mkuu. Vidugamba hukaa pale kama vijiganda vya kahawia visivyotembea. Vidung'ata hujificha kwenye maungio wakiwa na pamba nyeupe. Utitiri mwekundu ni mdogo mno, utauona kwa utando mwembamba na madoa ya vumbi la njano juu ya majani, na ndio unaopenda hewa kavu ya hita.

Kwa vidugamba na vidung'ata, chovya pamba kwenye spiriti ya asilimia 70 na uwafute mmoja mmoja. Ni kazi ya uvumilivu, lakini hakuna iliyo bora. Kisha nyunyizia sabuni ya kuulia wadudu wa mimea, au mafuta ya mwarobaini pale yanaporuhusiwa kuuzwa, jioni taa ikiwa imezimwa, na urudie kila baada ya siku saba mara tatu au nne, kwa sababu mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Utitiri huchukia maji: oga ya bafuni kila siku tatu kwa wiki mbili huumaliza. Dawa zile zinazoingia ndani ya mti kupitia mizizi ziache. Tunda hili utalila, na pengine utatia ganda lake kwenye chai.

Miezi ya nje

Ukiwa na kibaraza, ua au hata dirisha pana la nje, mti utoke. Miezi minne ya jua halisi inaujenga kuliko taa yoyote. Subiri baridi ya usiku ipite: sehemu nyingi za Ujerumani wakulima wa bustani hungoja siku za katikati ya Mei zipite, tarehe 11 hadi 15, na Minnesota ni mwishoni mwa Mei. Usiutoe ukauweka moja kwa moja juani. Majani yaliyoota ndani hayajalijua jua la wazi, na yatachomeka yawe meupe ndani ya siku mbili. Wiki ya kwanza kivulini, ya pili jua la asubuhi, kisha mahali pake. Nje unaweza kulazimika kumwagilia kila siku joto likipanda.

Kurudi ndani ndipo watu wengi huchelewa. Usingoje tangazo la barafu. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 kwa mfululizo, ambayo sehemu nyingi ni Septemba, na hita za nyumba bado hazijawashwa, uingize, ili mti uzoee chumba kabla hewa haijakauka. Kabla ya kuvuka kizingiti, uoshe kwa mpira wa maji, kagua kila jani chini, na uchunguze mashimo ya chungu kama kuna sisimizi. Sisimizi huwachunga vidugamba, na ukiwaingiza umeingiza na mifugo yao.

Maua na tunda

Maua yakifunguka Februari chumbani, nyumba nzima itanukia. Hakuna nyuki, lakini ua la mlimau linajitosheleza lenyewe. Pitisha brashi laini ya rangi kutoka ua hadi ua, mchana, kwa siku chache. Vitunda vingi vitaanguka vikiwa na ukubwa wa punje ya pilipili manga. Hiyo ni kawaida, mti hujipunguzia mzigo wenyewe. Mwaka wa kwanza usaidie zaidi: mche wa nusu mita uuachie matunda mawili au matatu tu, mengine yatoe. Nguvu iende kwenye mizizi na matawi.

Limau huchukua miezi sita hadi tisa tangu ua hadi kuiva, na kwenye dirisha la kaskazini linaweza kuzidi. Rangi yake inahitaji uelewa. Machungwa ya Muheza, Tanga, huiva na kuwa matamu huku ganda lingali kijani, kwa sababu ukijani huo huvunjika usiku ukiwa na ubaridi, na usiku wa Tanga ni wa joto. Kwako itakuwa kinyume: ubaridi wa Oktoba unaweza kuligeuza limau njano kabla halijajaa maji. Kwa hiyo usichume kwa macho. Lipime mkononi. Tunda lililoiva ni zito kuliko linavyoonekana na hubonyea kidogo ukilibana. Ukiwa na shaka liache, maana limau haliivi baada ya kuchumwa, bali likiwa mtini hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Likiwa tayari, likate kwa mkasi na uache kipande kidogo cha kikonyo. Ukilivuta kwa mkono ganda huchanika juu, na tunda lililochanika halikai.